Kiporo cha spageti: fraipani, maji ya moto, maikrowevu au mkaa?

Kila ukiuliza njia gani nzuri ya kupasha spageti au makaroni ya jana, mtu anatetea jiko alilonalo. Mwenye maikrowevu atakwambia dakika mbili tu umemaliza, mwenye jiko la mkaa atakwambia chakula cha mkaa hakina mpinzani, na mwanachuo wa geto pale Ng'ong'ona, hapa Dodoma, atakwambia jagi la umeme linatosha kila kitu. Mi naona swali linaanzia kwenye kiporo chenyewe kabla hata hujafikiria jiko. Je tambi zimelala zenyewe kavu, zimelala zimechanganywa na rosti ya nyama ya kusaga, au zimelala na sosi nyeupe ya maziwa au tui? Ukishajibu hapo njia kadhaa zinajitoa zenyewe na zinabaki mbili tatu za kuchagua.

Kwanza tuelewane kwa nini kiporo cha tambi kinakuwa kigumu vile. Wanga ukiupika unanyonya maji unavimba, ukipoa unajipanga upya unakaza, na kwenye friji ndo unakaza haraka zaidi, maji mengine yanajitenga yanabaki chini ya bakuli, mengine yananyonywa na sosi au yanapotea hewani kama hukufunika. Ndo maana spageti ya jana inatoka bonge zima na ukiitafuna inakatika katika. Kizuri ni kwamba ikipata joto na maji kwa pamoja inalegea tena. Joto peke yake linaizidishia ukavu, maji mengi kwa muda mrefu yanaifanya rojorojo. Kwahiyo unapolinganisha hizi njia angalia mambo mawili tu, maji yanarudi vipi na joto linafika kote au linafika upande mmoja.

Fraipani yenye mfuniko

Hii kwangu ndo namba moja kwa kiporo chenye rosti, na kwa nyumba nyingi za huku ndo chakula chenyewe kilivyo, spageti na nyama ya kusaga, au makaroni yaliyopikwa na karoti, hoho na nyanya yakachanganywa humo humo. Bandika fraipani moto wa wastani, weka maji vijiko vitatu vinne vya chakula kwa sahani moja, maji yakianza kutoa mvuke weka kiporo, funika. Usianze kuvuruga hapo hapo kikiwa bado cha baridi maana tambi zinakatika zote unabaki na vipande vipande, muache mvuke afanye kazi dakika moja na nusu hivi, ukifunua utaona bonge limeshalegea, sasa geuza taratibu kwa uma au mwiko, ongeza maji kijiko kama bado kavu, funika tena dakika mbili, ipua.

Watu wanakosea kwenye mafuta. Wanamimina mafuta kwanza alafu kiporo, wakidhani mafuta ndo yatailainisha, kumbe mafuta hayalainishi wanga hata kidogo, yanazuia tu tambi zisishikane na zisishike chini. Maji kwanza, mafuta mwishoni kama unataka ladha. Na kama unatumia alizeti ya kukamua, ile ya Singida inayouzwa kwenye madumu njiani, ujue haivumilii moto mkali kama mafuta yaliyosafishwa kiwandani, inatoa povu na harufu inatawala chakula kizima, kwahiyo kijiko kidogo mwisho kabisa kinatosha.

Kitu kingine cha huku kwetu, maji ya mitaa mingine yana chumvi chumvi, hasa ya visima. Ukiongeza maji hayo kwenye kiporo ambacho jana ulishakiwekea chumvi na kiungo cha mchemsho, onja kabla hujaongeza chochote.

Fraipani ina faida moja ambayo njia nyingine hazina, unaweza kukitengeneza upya chakula. Unakatia nyanya moja na kitunguu kwanza, zikilainika unatia kiporo na maji, na mtu akila anajua umepika leo. Au ukitaka kavu kavu, ukishakilainisha na mvuke unafunua unaongeza moto unaacha kishike kidogo chini, yale makaroni yanakuwa na ukoko mwembamba mtamu sana, watoto wanagombania. Hasara yake ni kwamba lazima usimame pale na baadae uoshe fraipani, na kwa familia ya watu sita fraipani haitoshi, hapo hamia kwenye sufuria pana na utaratibu ule ule, maji kwanza na mfuniko.

Maji ya moto

Hii ni ya tambi zilizolala zenyewe tu, yaani mchuzi uko kwenye bakuli lake pembeni. Kwa hali hiyo hakuna njia inayoishinda, hata fraipani inakaa. Chemsha maji kwenye sufuria yatokote kweli kweli, weka tambi kwenye chujio la waya, zamisha, hesabu nusu dakika kwa spageti nyembamba, dakika moja kwa makaroni manene, toa, chuja vizuri, weka kwenye sosi ambayo umeshaipasha pembeni. Zinarudi karibu kama za jana mchana. Ukizidisha dakika mbili tatu unakuwa unazipika mara ya pili na zitajaa maji. Dodoma iko juu, kama mita 1,100 toka usawa wa bahari, kwahiyo maji yetu yanatokota kwenye nyuzi 96 hivi badala ya 100, ila kwa kupasha haina shida yoyote, tofauti unaiona zaidi ukiwa unachemsha maharage.

Sasa toleo la geto, jagi la umeme. Unaweka tambi kwenye bakuli unamimina maji yaliyochemka unafunika na sahani. Inafanya kazi, lakini wengi wanaweka maji kidogo mno. Tambi zimetoka friji za baridi, ukimimina maji kiasi sawa na tambi zenyewe joto linashuka mpaka chini ya nyuzi 60, unakula kitu cha vuguvugu. Maji yawe kama mara nne ya uzito wa tambi, gramu 200 za tambi kwa maji karibu lita moja, hapo ndo joto linabaki nyuzi 80 hivi na zinapata moto mpaka ndani. Kama bakuli lako ni dogo mimina, subiri nusu dakika, mwaga, mimina tena. Na usifanye hivi kwa kiporo kilichochanganywa na rosti, utaosha rosti yote utabaki na tambi nyekundu nyekundu zisizo na ladha, viungo vyako vimeenda na maji.

Kwa mtu mwenye jagi tu na kiporo chenye rosti, kuna ujanja. Weka kiporo kwenye kopo la bati au bakuli la chuma lenye mfuniko unaobana, liweke ndani ya ndoo ndogo au sufuria yenye maji ya moto, yafike nusu ya bakuli, funika juu, badilisha maji yakipoa. Inachukua muda mrefu sana, kiporo kinaweza kukaa vuguvugu bila kufika moto wa kueleweka, kwahiyo mi siipendi hii. Bora uombe jiko kwa jirani.

Maikrowevu

Huku mjini maikrowevu zimeongezeka, na kwa watu wa ofisini kule Mtumba, kwenye mji wa serikali, ndo njia pekee, unafungasha kwenye lanchi boksi asubuhi, saa saba mnapanga foleni mbele ya maikrowevu moja watu kumi na wanne, na aliyembele yako anapasha samaki. Kwa hali hiyo huwezi kuleta mambo ya fraipani. Swali ni jinsi ya kuitumia isikuharibie chakula.

Maikrowevu inapasha maji yaliyomo ndani ya chakula, na mawimbi yake hayafiki sawa kila mahali, ndo maana pembeni tambi zinakauka mpaka zinakuwa ngumu huku katikati bado ya baridi. Dawa ni tatu. Tandaza kiporo kiwe chembamba na uache shimo katikati, kama duara la andazi lenye tundu, maana katikati ndo pa mwisho kupata moto. Nyunyiza maji kijiko kimoja au viwili na ufunike, mfuniko ukae wazi kidogo mvuke upate pa kutokea, au weka tishu ya jikoni iliyoloana juu yake. Alafu usiweke dakika tatu mfululizo, weka moja, toa geuza, weka nyingine, geuza, na mwisho iache dakika moja ndani kabla ya kula maana joto linaendelea kusambaa. Ukiweka nguvu ya nusu na muda mrefu kidogo matokeo yanakuwa mazuri zaidi kuliko nguvu zote kwa haraka, ila kwenye foleni ya ofisini huo uungwana sijui kama watu watakuvumilia.

Vyombo. Sahani za melamini, zile nyepesi za maua maua ambazo kila nyumba inazo, hazifai maikrowevu, zinapata joto na zinaweza kupasuka, na kemikali zinaweza kuhamia kwenye chakula. Kopo la aiskrimu halikutengenezwa kwa ajili hiyo, linalegea. Sahani ya udongo yenye mstari wa dhahabu pembeni inatoa cheche. Kioo kinachovumilia joto au udongo mtupu bila urembo ndo salama, na kama ni plastiki iwe ile iliyoandikwa kwamba inaruhusiwa.

Kwa gharama maikrowevu haina makuu. Nyingi za nyumbani zinavuta wati 1,200 hivi, dakika tatu ni uniti 0.06, hata ukiwa unanunua uniti kwa shilingi 350 na kidogo hiyo ni kama shilingi 20, na wale wa kundi la chini ya uniti 75 kwa mwezi ni chini ya hapo sana. Kwa sahani moja gesi ya dakika tano kwenye tungi la kilo 6 nayo huisikii. Kwahiyo kati ya maikrowevu na gesi usichague kwa bei, chagua kwa ladha na muda. Ladha, gesi na fraipani inashinda. Muda, ukijumlisha kuosha vyombo, maikrowevu.

Mkaa na oveni

Nimeziweka pamoja kwa sababu zinafanya kazi moja, moto juu na chini. Hizi ni za makaroni yaliyookwa, yale ya nyama ya kusaga yenye yai au jibini juu, mengi yanabaki baada ya sherehe. Ukiyapasha kwenye fraipani unayavuruga yanakuwa kitu kingine, ukiyaweka maikrowevu ule ukoko wa juu unakuwa kama mpira.

Oveni ya umeme nyuzi 180, nyunyiza maji au maziwa pembeni, funika na foili, dakika 20 mpaka 25, dakika tano za mwisho funua juu pakauke. Inatoka nzuri bila ubishi. Lakini oveni ya wati 2,000, ukijumlisha na muda wa kuipasha yenyewe kwanza, inaweza kula karibu uniti nzima, mara kumi na zaidi ya maikrowevu, kwa hiyo kuwasha oveni kwa ajili ya sahani moja ni ufujaji. Kwa trei zima la wageni sawa.

Mkaa wa kupalia unakupa kitu kile kile. Weka makaroni kwenye sufuria nzito, nyunyiza maji kidogo, funika mfuniko bapa wa bati, chini acha makaa machache sana, juu ya mfuniko panga makaa mengi zaidi. Dakika 15 fungua uangalie. Kosa kubwa ni makaa ya chini kuwa mengi, chini inashika inaungua huku juu bado, na kwa huu upepo wetu wa mwezi wa saba mpaka wa tisa moto wa mkaa nje unapuliziwa unakuwa mkali kuliko ulivyopanga, kwahiyo kinga jiko na ukuta au lipeleke upande usio na upepo. Ila usiwashe mkaa mpya kwa ajili ya kiporo, subiri makaa yanayobaki ukishaipua maharage au nyama, yale yanatosha na ndo moto mzuri zaidi kwa kazi hii maana umeshatulia. Na usiingize jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa kisa nje kuna vumbi, ile hewa yake inaua na haina harufu.

Sosi nyeupe na tui

Hapa moto mkali ni adui. Sosi ya maziwa inajitenga, tui linakatika, mafuta yanaelea juu na chini panabaki maji. Bandika sufuria ya maji yanayochemka pole pole, juu yake kalisha bakuli la chuma lenye kiporo, ongeza maziwa au tui jepesi vijiko viwili, funika, geuza mara moja moja. Dakika nane mpaka kumi. Fraipani pia inawezekana kwa moto mdogo kabisa, maikrowevu kwa nguvu ya nusu inawezekana. Mkaa achana nao.

Kabla hujapasha chochote

Sasa hili linazidi njia zote. Kama kiporo kililala mezani kwenye hotipoti usiku mzima, hakuna jiko litakalokiokoa. Kuna bakteria anaitwa Bacillus cereus, anapenda wali na tambi, mbegu zake zinavumilia kupikwa, chakula kikikaa vuguvugu anazaliana, na sumu moja anayoitoa haifi kwa moto wa kupasha. Yaani unaweza kukipasha mpaka kinafuka moshi na bado ukatapika. Hotipoti ndo hatari yenyewe, watu wanadhani inatunza chakula kumbe ikishapoteza ule moto wa mwanzo inakishikilia kwenye uvuguvugu ambao bakteria wanautaka. Masaa mawili nje ndo mwisho, na mwezi wa kumi na wa kumi na moja hapa Dodoma joto likipita nyuzi 30 punguza zaidi. Tandaza kwenye chombo kipana ipoe haraka, funika, friji. Humo siku tatu mpaka nne inakaa, kama umeme haukukatika kwa masaa mengi.

Ukiweza, jana yake tenganisha tambi na rosti, tambi zipake mafuta kijiko kimoja zisigandane, kila kimoja kwenye bakuli lake. Hapo kesho yake una uhuru wa kuchagua njia yoyote. Pasha kiasi utakachokula tu, moto ufike mpaka katikati, nyuzi 74 kwa wenye kipimo, na kwa sisi wengine mvuke utoke kote ukigeuza, sio pembeni tu. Kilichobaki baada ya hapo usikirudishe friji.

Tambi za sukari, zile za futari zenye iliki na tui, zina kanuni yake. Ni nyembamba mno, maji ya moto yanaziyeyusha na kuosha sukari, fraipani kavu inaunguza sukari chini kabla juu hakujapata moto. Hizo ni mvuke tu. Weka kwenye chujio au kwenye kitambaa safi juu ya sufuria inayochemka, funika dakika nne, na kama zilikuwa na zabibu kavu utakuta nazo zimevimba upya, tamu kuliko jana.